Umejuaje Kama Kilikuwa Mbali?

Siku hiyo ningali naikumbuka, mwanangu, ijapokuwa ni zamani, miaka ya hamsini, nami ni mwari niliyewekwa ndani nyumbani kwetu Waa. Harusi yangu ilikuwa Ijumaa inayofuata. Akaja ami yake mchumba wangu kutoka Msambweni, mtu mzima wa heshima zake, kusema harusi iahirishwe mwaka mzima.

Sababu? Alikuwa ameona kitu cha mwanga angani baada ya Magharibi. Kilitoka upande wa mlima wa Kwale kikaishia baharini kabla hajamaliza kusema Bismillahi. Ndege ya Wazungu haiwezi mbio hizo, alisema, na mwendo wa kitu kile amekwisha kuupigia hesabu. Kwake ilikuwa ishara mbaya.

Baba hakubisha, maana mkwe hajibiwi ovyo. Nami nyuma ya pazia moyo uliniuma, kwani yule kijana nilimpenda, sikufichi. Sasa, baba yangu ndiye aliyekuwa akipokea mashahidi wa mwezi mwandamo, wale wanaokuja kusema wameuona, na hakuna aliyepita kwake bila kuhojiwa. Mwari hasemi mbele ya wakwe, lakini nilisema.

"Baba, huyu shahidi haulizwi kama wale wa mwezi?"

Baba akacheka kidogo, akamgeukia mgeni kwa adabu. Alimuuliza alisimama wapi, na nani mwingine aliona. Kisha akamuuliza amejuaje kuwa kitu kile kilikuwa mbali. Ami akajibu kwamba lazima kilikuwa mbali, kwa kuwa kilikwenda mbio sana. Na mbio zake amezijuaje? Kwa kuwa kilikuwa mbali.

"Shehe wangu," baba alisema, "kimulimuli akipita mbele ya pua yako, naye atatoka Kwale hadi baharini kwa Bismillahi moja. Macho yako nayaamini. Ninachouliza ni hesabu yako."

Mzee yule akasema, "Wallahi, sijui."

Nilimheshimu kwa neno hilo mpaka alipofariki. Ijumaa nikaolewa, na hakuna aliyekula pilau kumshinda yeye.

Basi, mwanangu, kuuliza si ujinga. Mtu akikuletea ajabu ya angani, usimwite mwongo, wala usianze kutetemeka. Muulize amepimaje. Asiyejua umbali hajui mbio, hata akikutajia tarakimu ndefu namna gani. Na ukiwa ndiwe uliyeona, usione haya kusema hujui. Mola akujaalie macho ya kuona na ulimi wa kuuliza, na asije mtu akamkosa mume wake kwa hesabu yako.