Chumvi ya Wekoye na Kuni za Nyuklia

Wekoye haamini mtu, na wala haoni haya. Miaka thelathini amenunua mahindi Kitale, na hajakutana na mkulima aliyekiri kwamba mahindi yake yana maji. Yote makavu! Kwa hiyo hutembea na chupa na chumvi kavu. Anatia punje, anatikisa, anangoja. Chumvi ikishika kioo cha chupa, mahindi yana maji; rudi nayo kwako, bana.

Sasa bintiye Nangila, aliyekuja nyumbani Chwele likizo kutoka kazini ng'ambo, alikuwa arudi kesho, na pasipoti haionekani. Aliyeificha ni Wekoye mwenyewe, ndani ya shati.

"Ati kazi yako ni kuchoma nyuklia mpaka itoe gesi?" alimkabili jikoni. "Makusudi?"

"Ni kipande tu, baba, kidogo kama punje. Ndiyo kuni za mtambo wa umeme. Tunakichoma nyuma ya ukuta mnene, tuone mtambo ukiharibika gesi itatoka kiasi gani."

"Huo ukuta ulijengwa wewe ukiona?"

Nangila alicheka. Baba hakucheka. Jamani, mzee aliogopa! Aliogopa kuletewa mtoto ndani ya sanduku na kukatazwa kulifungua.

"Na wanaotengeneza hizo kuni, hawajui gesi yao?"

"Wanasema ni kidogo."

"Wanasema!" Wekoye aliguna. Maneno hayo ameyasikia sokoni tangu ujana wake.

"Ndiyo maana tunapima, baba. Juzi nilipata gesi mara mbili ya walivyosema. Bosi akaniambia mashine yangu ni mbovu, niandike namba yao. Nikapima tena mara tatu. Ikawa ile ile, nikaandika yangu."

"Na ungeandika yao?"

"Siku ya ajali watu wangeambiwa wakae ndani na watoto wao, kumbe walitakiwa kukimbia."

Wekoye alitia mkono ndani ya shati. Akaitoa pasipoti, ina jasho lake, akaiweka mezani bila kuiachilia.

"Huyo bosi bado yuko?"

"Yuko."

"Basi rudi. Utamwachia nani kazi ya kupima?" Aliinua mkono polepole kutoka kwenye pasipoti. "Lakini mama, kesho nikikuambia nimekuacha uende na roho yangu imetulia, usiniamini."