Salensa Niliyoimeza

Jina la Salensa nilipewa asubuhi, getini, mbele ya mwalimu wa zamu. Aliyenipa ni msichana aliyekuwa anakaa dawati la nyuma yangu, na mpaka naandika haya sijamsamehe, wala sioni sababu ya kuharakisha.

Siku hiyo baba alinishusha shuleni na pikapu yake. Ilikuwa kuukuu, aliinunua kwa kiinua mgongo baada ya kiwanda alichokuwa anafanyia kazi kupata mmiliki mpya na watu kupunguzwa. Kuanzia hapo akawa anapanda mlimani Mgeta kuchukua karoti na kabichi, anashuka nazo kwa njia ya Mlali mpaka sokoni mjini. Ile njia ni mawe matupu. Mawe yaliigonga ekzosi, yaani bomba la moshi, ikachanika, na salensa, lile kopo la chini linalomeza kelele za injini, ikabaki ganda. Baba akiwa bado yuko mbali watu walishajua anakuja. Mlima nao ulikuwa unairudisha ile sauti, kwa hiyo ulikuwa unasikia pikapu mbili wakati ni moja.

Basi nikashuka, nikamwamkia mwalimu kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Yule msichana alingoja pikapu iondoke, ili asikike vizuri.

"Mnajua kwa nini gari yao inapiga kelele vile?" akawauliza wenzake. "Salensa kaimeza huyu."

Walicheka mpaka mwalimu naye akageukia ukutani kuficha meno. Kilichoniuma zaidi ni kwamba utani wenyewe ulikuwa mzuri. Mimi kweli ni mtu wa kunyamaza. Najua majibu ya hesabu na sinyooshi mkono. Ningesikia mwingine anaambiwa vile ningecheka. Mpaka saa ya uji shule nzima ilikuwa inaniita Salensa, hata watoto wa kidato cha kwanza ambao walipaswa kuniita dada.

Jina ningeweza kulizoea. Ila yule msichana alikuwa na kipaji cha kuigiza watu, na alipoona sijibu, akahamia kwa baba. Baba alikuwa na tabia ya kuibembeleza pikapu. Kabla ya kuwasha aliipigapiga pale mbele ya usukani kama mtu anayembembeleza mtoto, akasema, "Haya bibi, amka." Hiyo "haya bibi, amka" tulikuwa tunaijua nyumbani tu. Sijui yeye aliisikia wapi. Labda siku ile ile getini. Akawa anasimama nje ya geti tukitoka, anainua bega moja kama baba, anapigapiga hewa, anasema, "Haya bibi, amka," halafu anatoa mlio kwa midomo mpaka mate yanaruka. Wenzake wanashika mbavu. Mimi napita zangu nimeinamisha kichwa.

Nyumbani nilimlipiza kila siku kwenye karai la vyombo. Majibu yalikuwa yananijia nikisugua sufuria, makali, tena mengi, ila yakifika shuleni yanakufa. Nikaona nikingoja mdomo wangu nitangoja sana. Nilichotaka ni kimoja: siku moja anyamaze yeye, watu wakimwangalia.

Nafasi ilikuja ekzosi ilipokatika kabisa njiani, baba akaifunga kwa waya na kushuka nayo hivyo hivyo. Trafiki wa Msamvu akamwambia hataki kuiona tena ile gari barabarani mpaka iwe na ekzosi ya kueleweka. Jumamosi tukatoka, baba na mimi, kutafuta. Baba alikuwa na njia mbili tu: anunue mpya ya dukani, inayokuja kwenye boksi, au akachongeshe kwa fundi wa kuchomelea.

Na duka lenye ekzosi za boksi mjini pale lilikuwa la baba yake yule msichana.

Ni lazima niseme duka lile lilivyokuwa. Baba anakumbuka miaka ambayo ukitaka hata plagi unaandika barua na kungoja. Sasa ilikuwa ruksa kuagiza, vitu vinatoka Dubai, vimepangwa mpaka darini, vina harufu ya mpira mpya. Mwenye duka akaliweka boksi kwenye kaunta na kulifungua taratibu. Ndani mlikuwa na salensa na bomba lake, vyote vinang'aa.

"Hii orijino, mzee mwenzangu," alisema. "Unafunga, unasahau. Si kama hivi viraka vya mafundi. Wewe nakusikia toka Mlali, naambia watu, karoti hizo zinakuja."

Baba akacheka naye. Alikuwa anapitisha kidole kwenye lile bomba kama anapima kanga ya kumpelekea mama. Nikaona ameshalipenda. Na pembeni, juu ya kreti la soda, yupo yule msichana, anatafuna bablishi, ananiangalia. Aliinua bega moja, kidogo tu, nilione mimi peke yangu.

Baba akanigeukia. "Mama, unaonaje?"

Aliniuliza kwa mazoea tu, hakutegemea jibu. Mimi sikuwa najua chochote kuhusu ekzosi. Nilichojua ni kwamba pesa ya baba ikiingia kwenye droo ile itatoka ikiwa bablishi.

"Ni fupi," nikasema. "Hii ni ya gari ndogo. Itagonga chini Mlali."

Niliutunga uongo huo palepale. Baba alishangaa nimeongea mpaka akasahau kupinga. Mwenye duka akasema, "Binti, fupi vipi?" lakini baba alishalirudisha boksi, akisema haya, ngoja tukafikirie.

Fundi tuliyemwendea alikuwa na uwanja wake karibu na mto, mtu wa maneno mengi, ana miwani ya giza ameipandisha kwenye paji la uso kama msanii. Alilala chini ya pikapu, akakunja waya kufuata njia ambayo bomba litapita, kuanzia kwenye injini mpaka nyuma, akaupitisha juu ya ekseli ya magurudumu ya nyuma. Alipotoka, baba akamsimulia habari za boksi, kwamba ingekuwa fupi.

"Fupi?" fundi akasema. "Aa, ile ingekaa vizuri tu, mzee. Nimefunga nyingi. Ila mkinunua zile mimi nitakula wapi?"

Baba akaniangalia. Nikaangalia mlima.

"Tumeshafika," baba akasema mwishowe. "Chonga."

Nilipenda kuangalia ile kazi, kusema kweli. Fundi na vijana wake walikausha mchanga wa mto juu ya bati, wakalijaza bomba mpaka likashiba, wakaziba pande zote. Halafu wakalichoma mahali panapotakiwa kukunjwa mpaka likawa jekundu, wakalipinda kwa kulilinganisha na ule waya. Fundi alisema bila mchanga bomba linabonyea kwenye kona na moshi haupiti. Baba alipoenda kununua maji, fundi akaniuliza, "Sasa dada'ngu, ndani ya salensa tuweke nini? Unataka iweje?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Sikuwa nafikiria gari. Nilikuwa nafikiria bega la yule msichana.

"Nataka iwanyamazishe watu," nikasema.

Akatabasamu, akateremsha miwani yake. "Umeongea."

Akasema njooni kesho, na kesho yake akasema hivyo hivyo. Siku tuliyoipata, baba akaipigapiga pikapu, akasema, "Haya bibi, amka," akawasha. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Kuku waliruka. Mwanamke aliyekuwa anafua mtoni alisimama na nguo mkononi. Ilikuwa inanguruma kama lori la magogo.

Baba akazima. "Fundi, nini hii?"

"Mzee, hata mimi nilishangaa. Binti ndiye kasema." Akanigeukia. "Si umesema iwanyamazishe watu? Sasa hapo nani ataongea akasikika?"

Nilitamani mchanga wote ule waumwage juu yangu. Fundi aliiacha salensa tupu ndani makusudi, ili sauti itoke nzima, maana vijana wa mjini ndivyo wanavyotaka, na alidhani anatupendelea. Baba alikuwa anangoja nijieleze. Ilibidi niseme, na niseme kwa sauti, mbele ya mafundi wote.

"Nataka gari linyamaze. Linyamaze kabisa. Likija mtu asijue limekuja."

"Sasa hapo si ungesema," fundi akasema, akaanza kuifungua.

Safari hii aliweka mabati yenye matundu ndani, akashindilia nyuzi za chuma, zile za kusugulia masufuria, akafunga kopo la pili nyuma ya la kwanza. Ekzosi ya kukunjwa kwa mchanga na kushindiliwa steliwaya haikuwa inang'aa hata kidogo. Ilikuwa na makovu ya kuchomelea kila kona. Lakini baba alipowasha, alidhani haijawaka, akataka kuwasha tena.

Shule tulitoka mchana, jua kali, mlima umevaa wingu lake. Sikumwambia baba aje. Yeye mwenyewe alisema atapita, kwa sababu alitaka kuionyesha kidogo, nami nikamwelewa. Yule msichana alishaanza. Alikuwa ameipa barabara mgongo, wenzake wamemzunguka, bega juu, mkono unapigapiga. Siku hiyo aliongeza kikohozi cha baba, kile cha asubuhi, na jinsi anavyopiga tairi teke kabla ya kupanda.

Niliiona pua ya pikapu ikitokea kwenye kona. Haikusikika. Ningeweza kukohoa, au kumwita yeye, au kumpungia baba mkono apitilize. Nilinyamaza, ndicho ninachojua kufanya.

Pikapu ikaja taratibu mpaka nyuma yake, ikasimama, baba akazima. Wenzake walikata kicheko mmoja mmoja, kama mtu anayezima taa za nyumba. Yeye alidhani bado haijanoga, akaongeza sauti. "Haya bibi! Amka bibi!"

"Bibi kashaamka," baba akasema dirishani.

Aligeuka. Mkono ulikuwa bado juu.

"Shikamoo," akasema.

Baba hakujibu. Mtu akikuamkia unajibu, hata kama mna kesi, na baba ni mtu anayejibu shikamoo ya mlevi. Alimwangalia tu, uso hauna hasira, ila ule uso wa siku aliporudi na barua ya kiwandani. Watu wote walikuwa wanangoja. Yule msichana akasema tena, sauti ndogo kuliko yangu, "Shikamoo, baba."

"Marahaba," baba akasema. "Msalimie mzee dukani."

Nikazunguka kupanda. Nilipopita karibu yake, akaninong'oneza, kama anauliza kweli, "Mbona haikulia?"

"Nimeitema," nikasema.

Hakuna aliyecheka, na sikutaka wacheke. Walisikia wote. Nilipanda, nikafunga mlango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na moyo ulikuwa mtamu kama miwa. Tangu siku hiyo hajaniita tena lile jina, na nikiingia darasani ni yeye anayeinama.

Lakini pale pale garini, baba alipotaka kuondoka, mkono wake ulienda mbele ya usukani kama kawaida. Ukasimama hewani. Akaupeleka kwenye ufunguo, akawasha, akaondoa gari, na kwa jinsi lilivyonyamaza nilimsikia anavyopumua. Mpaka leo hajaiita tena bibi.

Hilo nalo nimemwekea moyoni yule msichana.