Meno Yasiyotafuna Kahawa

Meno yangu ya mbele ya juu yalipokwisha, watoto wangu walifanya kikao kwenye simu kirefu kuliko kile cha kumzika baba yao. Wa Mwanza alitaka nipandikizwe mengine kwenye taya kwa skrubu, eti hayo hudumu maisha yote. Kwa umri wangu, sikuona sifa hiyo inanisaidia nini. Wa Bukoba alitaka yale yanayogandishwa na kushikiliwa na meno ya jirani, lakini hayo majirani yenyewe yalikuwa yanatikisika. Kitinda mimba alisema lolote, mradi nipendeze kwenye picha za harusi yake. Mimi mwenye mdomo sikuulizwa.

Ningeulizwa, ningesema nataka kutafuna kahawa. Hapa Kibingo mgeni huletewa kikapu kidogo cha punje za kahawa za kutafuna, zilizochemshwa na majani ya kunukia kisha zikakaushwa, hata kabla hajaulizwa habari za kwake. Anayezikataa ameikataa nyumba. Jirani yangu wa ng'ambo ya migomba, mwanamke niliyezeeka naye, alikuwa akiniletea kikapu hicho karibu kila alasiri nilipomtembelea. Mapengo yalipoingia, nikaacha kwenda. Sikutaka anione nikizungusha punje mdomoni kama mtoto mwenye pipi. Alasiri zikawa ndefu, na upweke ukaniuma kuliko fizi.

Hatimaye yalishinda meno ya kuvaa na kuvua. Daktari wa meno wa mjini Omurushaka alinivalisha, akanipa kioo. Nikaona mwanamke mdogo kuliko mimi, amekasirika.

"Umependeza, bibi," alisema. "Ila usitafune vitu vigumu. Ndizi, maharage, wali, hakuna shida."

"Na kahawa?"

"Hiyo kunywa tu."

Nikamshukuru. Nilikuwa nimepata meno ya kulia vitu ambavyo nilikuwa navila bila meno.

Kesho yake nilimwendea jirani hivyo hivyo, liwalo na liwe. Aliyatazama meno, akaleta kikapu. Nikageuka pembeni, nikayavua, nikayafunga kwenye leso, kisha nikaweka punje moja shavuni ilainike.

"Kumbe ni mapengo yaliyokuzuia?" aliuliza.

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani umesikia nilichokisema."

Sikuwa nimesikia kitu. Miezi yote ile nilikuwa namficha mapengo, naye ananificha ulimi wake.

"Ulisema nini?"

"Tafuna kwanza."

Nikafungua leso, nikayavaa meno, nikakaa sawasawa. "Haya, sema."

Akasema. Aliwaambia wanawake wa jumuiya kwamba tangu wanangu wanijengee nyumba ya bati jekundu najiona sana, napita njiani sisalimii mtu. Nilikasirika. Mimi nilikuwa nafumba mdomo kwa aibu, mwenzangu anahesabu maringo! Nikauma meno kwa hasira, punje ikapasuka, ladha ya kahawa ikanijaa mdomoni.

Meno hayakuvunjika. Nikanyoosha mkono kwenye kikapu, nikachukua punje nyingine, nikamwambia aendelee.