Alama za Mkaa Ukutani

Waliponikata titi la kulia, mwanangu alikuwa na miezi saba. Kabla sijaruhusiwa, mama wa mazoezi pale hospitali alinisimamisha mbele ya ukuta, akanionyesha jinsi ya kuupandisha mkono kwa vidole, kidogo kidogo.

"Nyumbani weka alama ya mkaa kila unapofika. Usiulaze huu mkono, utakakamaa."

Nikamuuliza nitambeba lini mtoto mgongoni. Akasema alama ikipita kichwa changu, nitambeba.

Nilirudi kijijini Mnyambe na hilo moja tu kichwani. Wiki ya pili alama ilikaribia bega. Mama mkwe akanikuta.

"Mwanangu, unaparura ukuta kama kuku. Unataka mshono uachie?"

"Mama, ndivyo nilivyoelekezwa."

"Na ukiachia, huyo aliyekuelekeza atakuja kukuuguza?"

Akanifunga mkono kifuani kwa kanga. Kwetu mgonjwa hagusi kazi. Akigusa, watu wanauliza kama hana ndugu. Wifi alinifulia, jirani akaniokotea korosho. Nikinyoosha mkono kuchukua kikombe, wote: acha, acha. Mume wangu alikuwa kwenye simu yake tu. Walinihurumia mpaka wakanilemaza, na sijawasamehe.

Wala sijajisamehe. Nina kidato cha nne, nilielezwa kwa Kiswahili nikaelewa, nikakaa. Mkono ulikuwa unauma, na kutumikiwa kulikuwa kutamu. Huo ndio ukweli.

Kisha tukaambiwa ndugu wanakuja kutoka Lisekese kunipa pole. Mama mkwe akasiriba ukuta wote udongo mpya ili tusichekwe. Alama zangu zikafukiwa, nami nikiwa nimekaa mkekani namwangalia.

Nilirudi hospitali msimu wa korosho ulipokwisha. Mama wa mazoezi akaushika mkono, akausukuma juu taratibu. Nikapiga ukelele. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

"Tutajaribu," alisema, akauteremsha mkono wangu kama anarudisha kitu cha watu.

Nimejaribu. Kila asubuhi nauparura ukuta, na sasa hakuna anayenizuia. Vidole vinakwama palepale, chini ya bega. Mkaa siuweki tena, wa nini?

Mwanangu anatembea. Akisinzia ananipita hapa nilipo, anakwenda kushika nguo ya bibi yake. Bibi anainama, anamweka mgongoni, anafunga. Kanga ni ileile.