H ya Hai

Kazi yangu kwenye kituo cha utafiti wa kilimo pale Machakos ilikuwa kusoma kipimo cha mvua kila asubuhi na kuandika. Niliishia kidato cha pili, kwa hivyo sitajifanya nilielewa kompyuta. Nilielewa ile sehemu niliyofundishwa.

Daktari wetu, mama mtaalamu wa udongo, alitumia kompyuta moja kubwa sana iliyokuwa ng'ambo, ambayo watu wa nchi nyingi waligawana. Ukiipa hesabu yako haianzi tu. Inaingia foleni nyuma ya za wengine. Alhamisi moja alituma hesabu ya ramani za mvua, kisha akaitwa mkutanoni Nairobi. Kabla ya kuondoka alinikalisha mbele ya skrini.

"Ukiona Q, iko kwa foleni. Ukiona R, inakimbia. Ikipotea kwa orodha, imeisha. Utoe ramani kwa printa, umpe dereva apeleke Masinga, ndio uende nyumbani. Sawa?"

"Sawa, Daktari."

Jumamosi saa sita watu walikuwa wanaleta ntheo nyumbani kwangu Kola, mbuzi watatu wa kumposa binti yangu wa kwanza. Kwetu mbuzi hao hawapokelewi na mama peke yake. Awepo baba, au ndugu ya baba, na mimi ndugu sina. Sikumwambia Daktari. Niliona aibu kuleta mambo ya mbuzi mbele ya ile mashine. Nadhani angeniruhusu. Sijui; sikumpa nafasi.

Ijumaa asubuhi niliona Q. Mchana, kwenye mstari wetu, palikuwa na H.

Niliitazama hiyo H muda mrefu. Daktari hakuwa ameitaja. Nikafikiria: H, hai. Si imetoka kwa foleni, na haijapotea? Alipopiga simu jioni nikamwambia, "Iko hai, Daktari."

"Inakimbia?"

"Iko hai kabisa."

"Haya, endelea kuiangalia."

Hakukosea kuniamini. Miaka yote niliyosoma kile kipimo sikuwahi kumwandikia mvua ambayo haikunyesha.

Jumamosi tulikuwa watatu tu kituoni: mimi, dereva na bawabu. Laini ya simu ilikuwa moja, na kompyuta ilipitia humo humo; ukiwa umeunganishwa, hakuna simu inayoingia. Daktari alikuwa amesema niangalie mara moja kwa saa kisha nikate. Lakini mtu mwenye wasiwasi hakati. Nilikaa pale tangu saa mbili, nabonyeza, H, nabonyeza, H. Hata chai niliogopa kuinukia.

Saa tano bawabu akachungulia dirishani. "Mzee, hiyo kitu bado haijazaa?"

"Bado."

"Ng'ombe ikichelewa hivyo tunaita mtu wa kuvuta miguu."

"Wacha mchezo. Saa sita niko na athoni nyumbani."

"Wewe! Wakwe wanakuja na uko hapa unaangalia runinga? Nenda, mimi nitaangalia."

"Kwani unajua kusoma?"

Akarudi kwa geti. Neno hilo lilinitoka vibaya. Yeye husoma Biblia yake pale getini kila siku, na siku hiyo asiyejua kusoma alikuwa mimi.

Saa nane alirudi mbio. Daktari amepiga simu kwa duka la barabarani, anauliza kwa nini kwetu haiingii. Nikakata mashine, na simu ikalia papo hapo.

"Hesabu iko wapi?"

"Bado iko hai, Daktari."

"Hai ni nini? Nisomee herufi yenyewe."

"H."

"Tangu lini?"

"Tangu jana mchana."

"Mzee, H ni kwamba imezuiwa. Imefungwa kamba. Nafasi yetu ya kuweka kazi imejaa. Ningeifungua jana kwa dakika tano." Hakupiga kelele. Heri angepiga. Kisha akasema, "Hata mimi sikukueleza H. Nenda nyumbani. Ramani zitatoka Jumatatu."

Dereva alinikimbiza Kola. Kwenye mteremko karibu na kwangu tukakutana nao: wazee watatu na kijana mwenyewe, wanavuta mbuzi kwa kamba, wanarudi.

Nilishuka nikavua kofia.

"Tumekungojea," alisema mjomba wa kijana. "Mke wako ameenda kukupigia simu mara tatu, laini imeshikwa. Tukasema huyu mtu ametukataa kwa heshima."

"Sijakataa, mzee. Nilikuwa nangoja kazi fulani iishe."

"Iliisha?"

"Hapana."

Mmoja alicheka. Sikumlaumu. Niliwaomba warudi tupande pamoja. Mjomba akatazama mbuzi, akatazama jua.

"Mbuzi waliogeuzwa hawageuzwi tena siku hiyo. Tutaenda tuongee na baba ya kijana. Wewe kaa, utasikia."

Binti yangu alikuwa amesimama langoni na leso mpya. "Baba, wamesemaje?"

Nilitaka kumwambia wamekubali, watarudi. Mama yake, nyuma yake, alitaka niseme hivyo pia, nilimwona usoni. Lakini nilikuwa nimetafsiri vya kutosha wiki hiyo. Nikampa maneno ya mzee yalivyokuwa, moja moja, mpaka "utasikia".