Hodi Iliyopigwa Kutoka Ndani

Nakumbuka asubuhi moja ya mwaka 2014, mjini Kasulu, nilipomwambia Mzee Athumani kwamba kazi imekwisha. Mzee alikuwa na duka la dawa pale Kasulu, na alikuwa akifungua la pili Kibondo. Seva yake ndogo, kompyuta ya kupokea na kutuma barua pepe, ilikaa chumba cha nyuma, nami ndiye niliyeitunza. Nilijifunza mwenyewe kwa vitabu vya kuazima. Alitaka duka jipya liwe na barua pepe zenye jina lake lenyewe. Nikaongeza jina hilo, yaani kikoa cha pili, kwenye seva ileile. Nikatuma barua kutoka anwani ya Kasulu kwenda ya Kibondo. Ikafika papo hapo.

"Umemwomba mtu wa nje akuandikie barua ya kujaribu?" Mzee akauliza.

"Mzee, mimi na seva hii tunajuana."

"Haya. Hata mbuzi na kamba wanajuana."

Mwanangu, kinyozi hajinyoi, nami nilijinyoa. Kule jina liliposajiliwa kuna rekodi inayoelekeza barua za nje ziende seva gani. Sikuibadilisha. Zetu zilipita ndani kwa ndani, kwa hiyo sikuona kasoro; za watu wengine ziliangukia sanduku la msajili, ambalo hakuna aliyelifungua.

Nikahamia Kibondo kusimamia duka. Mwalimu Petro, aliyeletwa kikazi kutoka Iringa, alifundisha katika kijiji kisichoshika mtandao wa simu. Mkewe, Yustina, alikuwa na uvimbe tumboni, na hospitali ya mbali iliahidi kuwaandikia tarehe ya upasuaji. Mwalimu akaomba wamwandikie kwa anwani yetu ya Kibondo. Kila Jumamosi alikuja kwa baiskeli, suruali imejaa vumbi jekundu hadi magotini.

"Kaka, wameandika?"

"Bado, mwalimu. Hospitali kubwa hazina haraka."

Nilisema hivyo Jumamosi tano, na sikuinuka kitini hata mara moja.

Ya sita hakuja. Alikuwa amesafiri mwenyewe hadi hospitali. Huko akaonyeshwa barua mbili walizomtumia. Tarehe ilikuwa imepita, uvimbe umeshaenea. Yustina tulimzika kabla mahindi hayajakomaa.

Pale msibani Mwalimu hakunigombeza. Alinishika mkono tu, akasema, "Niliuliza mara tano, kaka."

Mzee Athumani ndiye aliyenivuta kando. "Ulipiga hodi ukiwa ndani ya nyumba yako, ukajiitikia karibu. Mwenye shida alikuwa nje, mlango umefungwa."

Kuirekebisha rekodi ile kulinichukua dakika kumi.

Basi, mwanangu, ukitengeneza njia ya watu, toka nje uipite kama mgeni, usiyejulikana na mtu. Na anayekuuliza mara ya pili usimpe jibu la kwanza, inuka ukatazame. Majuto ni mjukuu, na wangu amekwisha kukua, bado ninaishi naye.

Mungu akupe sikio la kumsikia aliye mlangoni, na usingizi ambao mimi naupata kwa nadra.