Uji wa Muhogo Kwenye Mguu wa Tangi

Kazi yangu ni kupima vyuma bila kuvikata. Nabandika kidude kidogo juu ya bomba, kinatuma sauti ambayo sikio halisikii, sauti inagonga upande wa pili na kurudi, kisha mashine inaniambia chuma kina unene gani. Huko Madimba, kwenye mitambo ya gesi, ndiyo shughuli yangu ya kila siku. Kijijini kwetu, upande wa Nanyamba, mama huwaambia majirani kwamba mimi ni daktari wa mabomba, na nimechoka kumsahihisha.

Likizo iliyopita nilimkuta palepale pa siku zote, kivulini chini ya tangi la maji, anabangua korosho. Tangi lile baba aliliweka juu ya miguu minne ya mabomba, na tangu afariki, mama huipaka miguu hiyo rangi kila Idi inapokaribia. Inang'aa kuliko nyumba yenyewe. Lakini siku ile, tangi lilipojaa, nilisikia mguu mmoja ukilia, kidogo tu. Maji yote yale yalikuwa juu ya kichwa cha mama yangu.

"Mama, hama hapo kwanza nipime."

"Nihame niende wapi na jua hili? Baba yako alijenga, si fundi wa kuokota."

Mashine nilikuwa nayo, ila ute wa kupaka ulikuwa umeisha. Bila kitu cha majimaji kati ya kidude na chuma, sauti haipiti. Nikautazama uji wa muhogo wa asubuhi, umepoa na kuwa mzito kwenye sufuria. Kwani huu una kasoro gani? Nikaupaka.

"Sasa unakinywesha uji," mama akasema. "Shule yote ile."

Namba ilitoka, ikanishangaza. Unene ulizidi hata wa bomba jipya la dukani.

"Umeona?" mama akafurahi.

Mimi sikufurahi. Chuma hakinenepi. Niliuzunguka mguu ule kama kuku anayetafuta pa kutagia, napima juu, napima chini, mpaka nikaona mahali rangi ilipobanduka: tabaka juu ya tabaka. Sauti ilikuwa inachelewa ndani ya rangi, na mashine, bila kujua, ikaihesabu rangi yote kuwa chuma. Nikachukua panga, nikakwangua hadi chuma kitupu, nikapaka uji tena.

Safari hii namba ilikuwa ndogo mno. Kutu ilikuwa imelila bomba kwa ndani, na kilichobaki kilikuwa chembamba kama mfuniko wa sufuria. Niliogopa, na nikiogopa huwa nafoka.

"Toka hapo, mama. Litakuangukia."

Alitoka. Mguu hakuutazama. Aliokota ganda la rangi nililokwangua, nene kama biskuti, akaligeuza ubavu na kuanza kusoma rangi zake kwa ncha ya ukucha. Kijani, ya juzi. Bluu, ya mwaka aliponioza mimi. Nyeupe, ya mwaka wa msiba. Chini kabisa kulikuwa na nyekundu.

"Hii alipaka mwenyewe," akasema.

Alilifunga ganda lile kwenye pindo la khanga, akaenda kufungua koki ya tangi mpaka mwisho.

"Waite majirani waje na ndoo," akasema. "Halafu nihamishie mkeka."